Boya Lililokatika Huandika Vizuri

Mama yangu Ngalula,

Jana uliponiahidi kwamba ukifika Muanda utaniandikia kila siku, nilikujibu, "Usiniandikie." Ulikuwa unakunja nguo. Uliziweka chini, ukatoka nje, na tangu hapo unanisemesha kwa mambo ya chumvi na makala ya kuwashia moto tu. Sasa umeenda Katuba kusukwa nywele, najua hutarudi kabla jua halijashuka. Mdogo wako amelala mgongoni mwangu na nyumba iko kimya. Nataka nikueleze lile neno kabla hujaondoka nalo.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya vijana wa Kinshasa watakaotaka kukubebea mzigo kwa nguvu, kaku yako, mama yangu, atakuambia kesho asubuhi. Anapenda kuyasema, na wewe una jina lake, basi msikilize mpaka mwisho. Watu wakisikia nakuita mama wanafikiri ni mchezo. Nilikuzaa nikiwa bado mtoto wa shule, nikakupa jina la mama yangu ili asinifukuze, na tangu siku ile nina mama wawili, mmoja wa kunilea na mmoja wa kumlea. D6 yangu, diploma ya sekondari, niliipata nikikunyonyesha wakati wa mapumziko. Baada ya hapo sikusoma tena. Kwa hiyo haya nitakayoandika hayakutoka kwenye kitabu.

Unakwenda kufanya kazi ile iliyonishinda mimi. Unakumbuka kile chumba cha mtaa wa Golf, nyuma ya villa ya matajiri, ulipokuwa unakuja kunichukua ukitoka shule. Wanawake wanne mbele ya ordinateurs, kompyuta za kazi, mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari. Papa Hubert, mkubwa wetu, alikuwa mpimaji wa migodi, maisha yake yote alipima mashimo. Alipopata kazi ya wale watafiti wa pwani alituambia kwamba shimo na bahari ni kitu kimoja, vyote ni nombre, namba tu. Watafiti walitaka kujua kwa nini ukingo wa Muanda unaanguka, nyumba na njia zinaingia majini, na watu waambiwe wasijenge karibu kiasi gani. Walikuwa na boya mbele ya pwani, limefungwa kwa mnyororo kwenye uzito uliolala chini ya bahari. Kila nusu saa boya liliandika wimbi lina kimo gani, linakawia kiasi gani kabla lingine halijafika, na linatoka upande gani. Hizo nombre zilitufikia sisi zikiwa chafu, tuzisafishe, ndipo wao wazichambue.

Papa Hubert alinifundisha kwa maneno machache.

"Nombre yenye kurukaruka, unafuta. Yenye kukwama palepale, unafuta. Saa yenye kupotea, unaacha wazi, usijaze na kichwa yako."

"Na ingine?"

"Ingine iko bien. Inapita."

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuambia. Mama wa mlango wa pili alikuwa akiniona narudi ananiuliza juu ya ukuta, "Mama Ngalula, bahari inaamuka namna gani leo?" Namjibu, "Inakasirika kidogo." Naye, "Basi leo sitafua." Tulicheka hivyo miezi na miezi. Lakini ndani nilikuwa najua kweli. Nilijua msimu ambao mawimbi marefu yanatoka mbali sana kusini, pale pwani hakuna hata upepo, watu wanaona anga tulivu, na bado maji yanafika yamejaa na kuchimba ukingo kwa chini. Mtu wa huku, wa vumbi jekundu, nilijua hilo kwa kusoma safu za nombre. Nilijiona mtu.

Mwanzoni boya lile lilitutesa. Mkondo ukivuta, mnyororo unakaza, boya linashtuka, na mshtuko ule unaingia kwenye nombre kama wimbi, kumbe si wimbi. Nilifuta mpaka macho yakauma. Kisha, mwaka ule nilipokuwa na mimba ya mdogo wako, msimu wa mawimbi makubwa ulipoanza, nombre zilikuja safi kuliko wakati wowote. Hazikuruka. Hazikukwama. Hakuna saa iliyopotea. Nikasema Mungu ameniona jinsi miguu yangu ilivyovimba. Nikawa napitisha tu, natuma, natoka mapema. Papa Hubert alinisifu mbele ya wengine.

Boya lilikuwa limekatika.

Tulikuja kuambiwa baadaye, msimu ukiwa umekwisha. Meli moja ililikuta mbali sana, upande wa kaskazini, likielea peke yake. Tangu mwanzo wa msimu lilikuwa linaandika mawimbi ya mahali ambapo hakuna nyumba, hakuna ukingo, hakuna mtu. Na mahali lilipo pia lilikuwa linapaandika, mama, kila mara, halikuficha. Ilikuwa safu ya mwisho kabisa upande wa kulia. Skrini yangu haikufika huko bila kuisogeza. Nilitazama kimo, nikatazama muda, nikatazama upande. Boya liko wapi, sikuuliza. Kitu kilichofungwa mnyororo, niliona, kiko pale kilipofungwa.

Fundi wa Muanda aliyetupigia simu alikuwa mtu wa Kipushi, alisema Swahili yetu. Nilimuuliza kama ni mawimbi makubwa yaliyokata mnyororo.

"Hapana, mama. Munyororo inasagikaka polepole kule chini, pale inagusa muchanga. Kila siku kidogo. Siku inaachia, bahari inaweza kuwa imelala kabisa."

"Sasa juu ya nini nombre zilikuwa muzuri vile?"

"Njo vile. Boya yenye kukatika inaandika bien kupita yenye kufungwa. Hakuna chenye kuivuta."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Watafiti walikosa msimu mzima, na msimu ule ndio waliokuwa wanautafuta. Yale waliyokuwa wameshaanza kuwaambia watu wa ukingoni iliwabidi kuyarudisha nyuma, na mtu akishaambiwa jambo kisha akaambiwa si hilo, mara ya tatu hasikilizi tena. Kazi yetu ikaondolewa. Papa Hubert hakufoka. Alizima ordinateur yangu kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kusimama uani, akawa anatazama majani yaliyokatwa vizuri ya watu wa Golf. Wenzangu watatu wakarudi nyumbani kwa sababu yangu. Mmoja bado ananisalimia.

Lakini si boya linaloniamsha usiku. Wewe unajua ni nani.

Msimu uleule, kila dimanche baada ya misa, tonton yako Kanku alikuwa ananiandikia kutoka Kasumbalesa, kule mpakani. Ndugu yangu mdogo, niliyembeba mgongoni kabla yako, kwa kitambaa hikihiki nilichombebea huyu. Siku alipoondoka kwenda kusaidia yule déclarant, wakala wa forodha, kubeba makaratasi ya malori kutoka dirisha hili la duane mpaka lile, ulikuwepo. Tulikuwa tumekula kuku. Watu wa parokia walikuwa wamejaa uani, nami nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba Kanku anakwenda kuwa déclarant mwenyewe. Nikamwambia mlangoni, kwa sauti, wote wasikie, "Kanku, usirudie mikono mitupu, utatuaibisha."

Akasema, kwa lile "ya" lake la kuniita dada, "Ya, nitarudia na camion. Mutabomoa ukuta ili ipite."

Tulicheka sana. Ulicheka mpaka ukakohoa, na kaku akakupiga mgongoni. Na Kanku alicheka kutupita wote.

Miezi ya kwanza alinilalamikia. Huyu patron iko na kichwa ya mbuzi. Chumba kinavuja. Madereva wa Zambia wanamshinda karata, halafu wanamuimba. Bukari ya kule, ugali gani ule, ni mchanga mtupu. Kila dimanche ukurasa mzima wa manung'uniko, nami nilikuwa nimechoka, nimetoka kwenye nombre za wiki nzima, na kila mara nilimjibu neno moja, vumilia. Mara moja nikamwandikia, "Kanku, weye unalialia sana. Uko mwanaume."

Basi manung'uniko yakaisha.

Yakaanza kuja mafupi, matamu. "Niko bien, ya. Kazi inaenda. Salimia Ngalula." Dimanche ijayo, "Niko bien, ya. Mungu ni mwema. Utunze hiyo mimba." Nilimwonyesha kaku, naye akasema, "Sasa amekomaa." Nami nikasema ndiyo, amekomaa. Nilisoma zile mesaji kama nilivyosoma boya. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichokwama, hakuna dimanche iliyopotea. Nikapitisha.

Yule mama wa kuvunja pesa kule mpakani, Mama Solange, alinipigia asubuhi moja. "Weye njo dada ya Kanku? Kuya." Sikukuambia yote niliyoyaona huko. Ulikuwa na mitihani, kisha ulikuwa na huzuni yako, kisha siku zikapita. Nakuambia sasa, kwa sababu unaondoka na umekuwa mtu mzima.

Nilimkuta Kanku nyuma ya meza ya Mama Solange, kwenye kipande cha kartoni, malori yanapita karibu na miguu yake. Amebaki mifupa na macho. Yule déclarant alikuwa amemfukuza zamani.

"Alikuwa analala wapi?" nikamuuliza Mama Solange.

"Hapa. Chini ya remorque za malori zenye kungoja. Tangu mvua ilianza."

"Lakini aliniandikia kila dimanche."

"Eh, mama. Telefone yake aliuzisha, alibakia na kakarte ya namba tu. Dimanche alikuwa anakuya, anatia kakarte yake mu telefone yangu, anakuandikia. Nilikuwa namuambia, sema dada yako akuye. Anasema, hapana, ataniona namna hii? Anarudisha telefone, anaenda."

Nikapiga magoti. Nikamwita. Akanitazama, akanitambua vizuri kabisa, akajaribu kukaa, akashindwa. Akasema, "Ya, niko bien."

Alisema hivyo machoni pangu, mama. Na mimi hapo nimeshika mkono wake, unachoma.

Tulimpakia kwenye taksi, Mama Solange akafunga meza yake akatusindikiza. Hatukufika naye nyumbani akiwa hai. Njia yote dereva hakuzima redio na sikuwa na nguvu ya kumwambia azime.

Wewe ulikuwa umelia siku nyingi, kisha siku moja ukakaa hapa jikoni ukaniuliza, "Mama, sasa alikuwa na nini kilichomuvuta?" Ulikuwa unamsema Kanku kwa maneno ya boya, maana nilikuwa nimekusimulia yale ya fundi. Nilikufukuza ukachote maji. Jibu nimelitafuta tangu siku ile na nililopata ni hili, silipendi lakini ndilo nililo nalo. Alipokuwa analalamika, alikuwa bado amefungwa mahali. Patron alimvuta, chumba kilimvuta, mimi nilimvuta, na kila kilipomvuta alishtuka, na mshtuko ule ulikuwa unanifikia. Nikauona ni uchafu. Nikamwambia aufute mwenyewe. Alipoacha kushtuka, nikafurahi.

Ndiyo maana nilikuambia usiniandikie. Nakujua. Wewe ni wa kuficha. Ulipovunjika kidole shule ulikuja nyumbani ukaosha vyombo vyote kwa mkono mmoja, nikagundua wakati wa kula. Utafika Muanda, kitanda kitakuwa kibaya, mkubwa wako atakuwa na maneno yake, wenzako watasema Lingala kwa haraka wakikucheka ile ya kwako, nawe utakaa jioni utaniandikia, niko bien, mama. Kila siku. Na mimi huku nitasoma, nitamwonyesha kaku. Siwezi tena. Nikipata neno hilo kwenye simu naiweka kifudifudi, hata likitoka kwa mtu wa duka.

Nimetafuta wiki nzima sababu ya kukuzuia. Nimekosa. Ninayo hofu tu, na hofu yangu haiwezi kukulisha wala kukuoa. Sitakudanganya pia kwamba kazi yako itazuia ukingo ule. Fundi aliniambia bahari imeshachukua njia ambayo watoto wa pale walipita kwenda shule, na itachukua inayofuata, hata ukisafisha nombre zote za dunia. Pengine mtu mmoja atahamisha nyumba yake mapema kwa sababu safu yako ilikuwa sahihi. Pengine hakuna atakayesoma. Mimi nilisafisha miaka na sijui kama kuna mtu mmoja aliyelala salama kwa ajili yangu. Nenda ukijua hivyo, usije ukaegemea jambo ambalo halitakushika.

Sasa sikiliza, na hapa siombi, nasema. Ukinipigia, lalamika. Niambie nani amekukosea, nini kilikushinda, ulikula nini na kilikuwa kibaya namna gani. Niambie umesimama wapi unaponipigia, ukuta wa nani uko nyuma yako. Nitakuuliza maswali ya kuchosha, utakasirika, kasirika. Yule aliyemwambia ndugu yake avumilie hatakuambia wewe neno hilo, na siku nikijisahau nikalisema, nikatie simu halafu upige tena.

Na kama kazi ikikufukuza, au wewe ukiifukuza, au kukatokea mambo ya mwanaume, ya mimba, ya ugonjwa, ya aibu ya namna yoyote ambayo sijaifikiria, njoo nyumbani. Usingoje kwanza upate cha kubeba. Usingoje upone. Nilishawaambia watu wa parokia, dimanche iliyopita, kwamba unakwenda kufanya kazi na sijui itakuwaje. Mama mmoja akaniambia, "Unalaani mutoto?" Nikamwambia, "Ninamuachia njia." Hakuelewa. Kaku alielewa, alinishika hapa kiunoni.

Najua si rahisi. Hujazoea kulalamika kwangu kwa sababu mimi sijawahi kulalamika kwako. Umekua ukiniona nainuka, nafagia, nabeba, nasema sijambo. Ulijifunza kwangu. Kwa hiyo acha nianze miye, uone namna inafanywa.

Niko jikoni, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlango wa nyuma uko wazi. Mdogo wako amenikojolea mgongoni na sijambadilisha, kwani nikisimama ataamka. Mboga ya sombe imeshika chini ya sufuria. Mgongo unaniuma upande wa kushoto. Baba yako yuko Kolwezi na akirudi mwisho wa mwezi ataniuliza habari nami sitajua pa kuanzia. Tangu Kanku, asubuhi nyingi naamka sitaki kuamka, nalala nikitazama bati mpaka mtoto alie, na hili sijamwambia mtu. Naogopa kesho. Naogopa Luano, uwanja wa ndege, ile saa watakapokupitisha mlangoni na nisikuone tena.

Siko bien, mama. Niko hapa.

Sasa weye.